Uzito wa Jalada la Chura

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumatatu, karani wa masjala ya Idara ya Viumbe wa Asili alifungua mlango wa chuma, akawasha taa zote nne, ambazo mbili ziliwaka, akaning'iniza mkoba wake kwenye msumari, kisha akamwaga maji yaliyochuruzika kutoka kwenye jalada la chura tangu Ijumaa. Kulikuwa na bakuli la plastiki kwa kazi hiyo. Majira ya mvua lilijaa mara mbili kwa siku, na mimea ya dirishani haikuwahi kunyweshwa maji mengine.

Watu walimwita Mama Majalada. Mkurugenzi alimwita hivyo, muuza nafaka wa ng'ambo ya barabara alimwita hivyo, na hata watoto wake mwenyewe walipompigia simu ya ofisini walisema wanamtaka Mama Majalada. Alikuwa na majalada mia nne na kumi na moja, moja kwa kila kiumbe wa asili wa nchi ile, na yote aliyajua kama mtu anavyowajua wajukuu zake, pamoja na tabia zao mbaya.

Uzito wa jalada haukutokana na karatasi zilizomo. Ulitokana na wingi wa viumbe wenyewe huko nje. Wakiwa wengi, jalada lilikuwa zito. Wakipungua, nalo lilipungua. Jalada la sisimizi lilikuwa na karatasi mbili tu na halijawahi kuhamishwa; idara ilipopata jengo jipya, jengo lilijengwa kulizunguka. Jalada la nungunungu lilishikwa kwa glavu. La jongoo lilijikunja ukiligusa, na ilibidi usubiri, huku ukiangalia pembeni, mpaka lijikunjue lenyewe. La bundi halikufunguka mchana, kwa hiyo mambo ya bundi yalikuwa nyuma kwa miaka kumi na minne.

Majalada hayo yalikuwa na jalidi za kijani. Karibu na dirisha kulikuwa na rafu nyingine yenye majalada mekundu, ya viumbe walio hatarini kutoweka, na kila moja lilikandamizwa kwa jiwe, maana lingepeperuka. Moja, la ndege fulani mkubwa, liliwahi kukutwa limeng'ang'ania dari la ofisi ya jirani, likashushwa kwa ufagio. Majalada mekundu yalikuwa na kasma, yaani fungu lake kila moja katika bajeti ya serikali, na kasma ilileta kioo, mlinzi, na gari lenye picha ya kiumbe mlangoni. Majalada ya kijani yalikuwa na Mama Majalada na Kifua.

Kifua alikuwa tarishi. Kwenye hati ya mshahara alikuwa na jina refu la heshima, lakini miaka thelathini iliyopita, siku ya usaili, mkuu wa utumishi alimtazama akipita mlangoni kwa ubavu akasema, "Huyu kifua anatosha," na mambo ya jina yakaishia hapo. Kazi yake ilikuwa kuyapandisha majalada ya kijani ghorofa ya tatu kila baada ya miezi mitatu, yakagongwe muhuri wa HAKUNA MABADILIKO na kutiwa saini, kisha kuyarudisha. Lifti ilikuwepo, lakini tangu ilipobebeshwa jalada la mchwa ilishuka chini na haikutaka tena kupanda.

Katika majalada yote alilipenda la chura. Si chura mkubwa wa kutisha watoto. Ni yule mdogo wa mifereji, asiyezidi kiungo cha kidole gumba, rangi ya chai ya maziwa, ambaye kila mtu amemsikia na hakuna aliyewahi kumwuliza hali. Jalada lake lilikuwa na uzito wa kilo sabini na moja. Kifua alilibeba bega la kulia juu ya gunia lililokunjwa, ubaridi wake ukimtuliza shingo, na alipumzika mara tatu: penye dirisha, penye bomba la maji, na penye ndoo ya mchanga ya kuzimia moto. Kila alipopumzika alikaa kwenye ngazi, akalipakata, akalieleza mambo yake. Posa ya binti yake jalada lile lililisikia kabla ya shangazi zake.

"Msikivu sana huyu," alimwambia Mama Majalada.

"Amelala, kaka. Mtu akilala unamwita msikivu?"

"Mke wangu akilala nikizungumza, anakoroma. Huyu hakoromi."

Basi mwaka ule, robo ya kwanza, Kifua alipumzika mara mbili tu. Alifika ghorofa ya tatu akiwa bado na pumzi ya kusalimia. Robo ya pili alipumzika mara moja, penye bomba, na hapo ni kwa sababu alikuwa na kiu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nane, amebakiza miwili astaafu, na magoti yake yalikuwa yakimtangulia kulalamika kila asubuhi. Habari zikaenea jengo zima kwamba Kifua anarudi ujanani.

Naye hakuzikanusha. Alianza kuvaa shati la mikono mifupi. Wahasibu wa ghorofa ya pili walimtania kwamba karibu atatafuta mke wa pili, na yeye akajibu kwamba wa kwanza hajamaliza kumkomesha. Mkewe, mwanamke mfupi mwenye ulimi mwepesi, alijisifu sokoni kwamba siri ni mboga za majani, na wanawake watatu wakaanza kuwalisha waume zao mboga za majani asubuhi na jioni. Mfagizi mmoja alimwomba Kifua amwonyeshe mkono, akauminya, akatikisa kichwa kwa heshima. Yale majalada mengine yalimlemea kama kawaida, lakini mtu akipata sifa hapekuipekui sana.

Mama Majalada ndiye aliyepekua. Aliona kwamba bakuli halijai, na ilikuwa ni majira ya mvua.

Kanuni ilitaka majalada yapimwe kila mwaka, ila mizani ya idara ilipelekwa kutengenezwa enzi za mkurugenzi wa tatu aliyepita, na tangu hapo uzito ulinakiliwa kutoka ukurasa wa nyuma. Alivuka barabara, akaazima mizani ya muuza nafaka, akasubiri Kifua aende chai, akalivuta jalada la chura mpaka juu ya mizani. Kilo thelathini na nane. Akalishusha, akalipandisha tena. Kilo thelathini na nane. Akakaa kwenye kigoda akitazama mshale, na alichokiwaza kwanza si chura. Aliwaza jinsi atakavyomwambia Kifua.

Alimwambia palepale aliporudi, maana alijua akingoja jioni angeshindwa.

"Kaka, kaa kwanza."

"Sijachoka, dada. Siku hizi sichoki."

"Najua. Kaa hivyo hivyo."

Alikaa. Mama Majalada akamwonyesha mizani, akamwonyesha daftari. Kifua alisoma tarakimu ile kwa muda mrefu kuliko inavyohitaji tarakimu mbili kusomwa. Kisha akaziteremsha taratibu ncha za mikono ya shati lake, ingawa lilikuwa la mikono mifupi na hazikufika popote.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, ndugu yangu."

"Nusu yao wamekwenda, na mimi nacheka na wahasibu."

Siku hiyohiyo walipanda kwa Mkurugenzi, wote wawili, jalada likiwa begani.

Mkurugenzi alikuwa mtu mwema, na mtu asije akadhani vinginevyo kwa yatakayofuata. Alizaliwa kando ya mfereji na alilala utotoni kwa kelele za vyura haohao. Aliwakaribisha viti, akaliwekea jalada taulo chini. Walichoomba hakikuwa kikubwa: mtu mwenye jembe kwa kila mfereji mkubwa, wa kuuzibua kabla ya mvua, na kibao cha kukataza watu kumwaga kifusi. Mama Majalada alikuwa ameshapiga hesabu. Kwa mwaka mzima, nchi nzima, ingegharimu kiasi cha kumtunza yule ndege wa darini kwa wiki mbili.

"Bado wako wengi," alisema Mama Majalada. "Sasa hivi ni rahisi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Ukuta una kasma, Mama Majalada," Mkurugenzi alisema. "Ufa hauna."

Hakusema kwa dharau. Alivuta droo akawaonyesha. Kwa miaka tisa mfululizo alikuwa ameandika kwenye bajeti mstari mmoja wa viumbe ambao bado hawajafikia hatari, na kwa miaka tisa Hazina walimrudishia karatasi pamoja na swali lilelile la kalamu ya penseli: Je, wamefikia? Sheria iliruhusu fedha za kuokoa. Kitu ambacho hakijapotea hakiwezi kuokolewa, na kwa hiyo fedha zake zingehesabiwa kuwa ubadhirifu.

"Lazima wapite jaribio la vidole viwili," alisema. "Afisa wa Hazina atakuja mwezi wa bajeti. Akiliinua, mnapata kila kitu. Asipoliinua..." Akalipapasa jalada kama mtu anavyompapasa mtoto wa mwenzake. "Kilo thelathini na nane ni nyingi mno. Pole."

Afisa wa Hazina alikuwa kijana nadhifu ambaye vidole vyake viwili, gumba na cha shahada, vilipimwa nguvu na kuidhinishwa kwa waraka. Alivivisha glavu ya pamba hata wakati wa joto. Jalada lililoinuliwa kwa vidole hivyo viwili liligeuzwa kuwa jekundu siku hiyohiyo. Lisiloinuka lilibaki kijani mwaka mwingine. Hakuna aliyewahi kumwona akipendelea.

Wazo la meza lilikuwa la Kifua. Aling'oa droo ya meza ya masjala na ubao wa juu yake, akabaki na tundu linalotosha viganja viwili, juu wakatandika kitambaa cha kijani kinachofika sakafuni. Yeye angelala chini yake, na Afisa atakapogusa jalada kwa vidole, Mama Majalada angekohoa, naye angelisukuma juu. Miaka thelathini alikuwa akilibeba lionekane zito. Sasa alitaka kulibeba lionekane jepesi.

"Na goti?" Mama Majalada aliuliza.

"Goti nitalisikiliza kesho."

Siku ya siku Kifua aliingia chini ya meza saa tatu. Afisa alifika saa tatu na nusu, lakini alikaribishwa chai, na baada ya chai akaanza na majalada mengine. La nungunungu halikuinuka. La kasa wa mtoni liliinuka, watu wakapiga makofi. Chini ya meza mlikuwa na joto na maji ya chura yalimdondokea Kifua shingoni, tone, tone, machache kuliko zamani, na alipokuwa akiyahesabu ili asisinzie aligundua kwamba kati ya tone na tone anaweza kumaliza kutaja majina ya watoto wake wote na wakwe zake. Moyo ukamjaa. Akasikia kiti kikisogea juu yake, akasikia viatu vya Afisa, na hakusubiri kikohozi.

Jalada la chura likainuka kutoka mezani kadiri ya shubiri mbili, kitambaa cha kijani kikiwa kimevimba chini yake, likatulia hewani huku likidondosha maji kwenye kona moja. Afisa alikuwa bado anavua glavu.

Alilitazama. Akamtazama Mama Majalada, ambaye ndiyo kwanza alikohoa. Kisha akaketi, akafungua fomu, akaandika kwa mwandiko mzuri: Limeinuka kabla ya kuguswa. Jaribio ni batili. Akauliza jambo la namna hiyo linajazwa sehemu gani. Mama Majalada akamwonyesha sehemu ya Mengineyo.

Alipomaliza kukusanya karatasi zake aliinama kidogo upande wa meza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," sauti ilijibu chini ya kitambaa. "Safari ilikuwa salama?"

"Salama, mzee. Pole na kazi."

"Tumeshazoea."

Mlangoni Afisa alimwambia Mama Majalada asivunjike moyo. "Mwakani hamtahitaji msaada," alisema, na alilisema kwa nia njema kabisa.

Kwa kuwa serikali ilikuwa imefungwa mikono, wao walikwenda kwa mikono yao. Kila Jumamosi Mama Majalada na Kifua walibeba majembe wakaenda kwenye mfereji wa nyuma ya kiwanda cha matofali, hatua kama mia mbili za matope kati ya ukuta na barabara. Mke wa Kifua alikwenda nao, akiwa na chupa ya chai, akaiweka juu ya jiwe bapa lililokuwa katikati, na kutoka kwenye jiwe hilo aliwaelekeza wanavyokosea kulima. Walitoa mifuko, matairi, nusu ya baiskeli, na kiatu ambacho vyura sita walikuwa wakikaa humo, kiatu wakakirudisha. Ilipofika saa sita mchana vyura walikuwa wakipanda juu ya viatu vya Kifua na kukaa hapo, naye alisimama bila kusogea mpaka miguu ikafa ganzi, mkewe akimwuliza kama amekuja kuzibua mfereji au kuolewa.

Jumatatu iliyofuata jalada liliongezeka gramu mia sita. Mama Majalada alipima mara tatu. Jumatatu ya tano lilikuwa limeongezeka kilo mbili na nusu, kwa mfereji mmoja, majembe mawili na chupa ya chai. Aliandika hayo yote kwenye dokezo, akalipeleka juu. Mkurugenzi alilisoma akatabasamu kwa furaha ya kweli, akalirudisha likiwa na maneno: Hongereni. Kwa kuwa wanaongezeka, hawastahili.

Jumamosi ya sita walikuta malori matatu ya kifusi. Dereva wa lori la mbele alishuka, akawasalimia kwa adabu, akawaonyesha kibali. Muhuri ulikuwa halali. Kibali kilisema eneo hilo limekaguliwa na halina kiumbe mwenye kasma, hivyo linaweza kufukiwa.

"Lakini wapo," Kifua alisema. "Wasikilize. Wapo hao."

Dereva alisikiliza. Alikuwa mtu muungwana, akazima hata injini ili asikie vizuri. "Wapo," alikubali. "Lakini hapa pameandikwa wenye kasma."

Akamsubiri mke wa Kifua aondoe chupa yake ya chai kwenye jiwe, kisha akamwaga.

Mifereji mingine ilikuwa mbali, na wao walikuwa wawili, watatu pamoja na msimamizi. Vibali vilikuwa vya maneno yaleyale nchi nzima. Mama Majalada aliendelea kupima kila Jumatatu, na baada ya muda akarudisha mizani kwa muuza nafaka kwa sababu ilikuwa ya magunia na haikuweza tena kusoma vitu vidogo hivyo. Akaazima ya muuza viungo. Bakuli lilikauka. Mimea ya dirishani ilianza kunyweshwa maji ya bomba, na haikuyapenda.

Kifua angeweza sasa kulipandisha jalada ghorofa ya tatu kwa mkono mmoja, akipiga mluzi. Hakupiga mluzi. Alilipandisha begani, juu ya gunia lililokunjwa, akakaa penye dirisha, akakaa penye bomba, akakaa penye ndoo ya mchanga. Wahasibu waliopita walimwuliza kulikoni, nguvu zile zimekwenda wapi. Alisema ni magoti.

Mwezi wa bajeti Afisa alirudi. Meza ilikuwa imeshatengenezwa, na Kifua alisimama ukutani pamoja na watu wengine. Afisa alivua glavu, akaweka gumba na kidole cha shahada kwenye kona ya jalada la chura, akaliinua. Kidole kimoja kingetosha; alitumia viwili kwa sababu ndivyo waraka ulivyotaka. Watu walipiga makofi. Mkurugenzi alipiga makofi huku machozi yakimtoka, wala hakusingizia mafua.

Kasma ilifunguliwa alasiri hiyohiyo. Jalada lilipata jalidi nyekundu na kioo. Chura alipata mlinzi, gari lenye picha ya chura mrefu kuliko dereva wake, na bwawa la saruji lenye pampu, ambamo waliwekwa vyura kumi na mmoja waliobaki, kila mmoja na namba yake. Fedha zilizotolewa kwa mwaka wa kwanza zingetosha kuzibua mifereji yote ya nchi mara nne. Hilo Mama Majalada alilihesabu mara moja tu, kwa penseli, akalifuta.

Baada ya kutiwa saini juu, jalada lilitakiwa kushushwa kutoka kwa Mkurugenzi hadi kwenye rafu ya dirishani, na Kifua akaombwa alibebe, kwa heshima ya utumishi wake. Msafara ukapangwa nyuma yake: Mkurugenzi, Afisa, mlinzi mpya, mpiga picha, Mama Majalada. Kifua alilibeba kwa viganja viwili, kifuani, wala hakuruhusu madirisha yafunguliwe.

Penye ndoo ya mchanga akakaa. Msafara ukasimama. Mpiga picha akataka kuuliza kitu, Afisa wa Hazina akamgusa mkono kwa vidole vyake viwili, akanyamaza. Kifua akainuka, wakashuka, akakaa penye bomba. Wakasimama tena. Penye dirisha akakaa kwa mara ya tatu, akalipakata jalada, akainama karibu kabisa. Mama Majalada alikuwa nyuma yake hatua mbili, na ndiye pekee aliyesikia.

"Nisamehe," Kifua alisema. "Mimi nilidhani ni nguvu zangu."

Kwenye rafu lilikuwepo jiwe tayari, limenunuliwa kwa zabuni pamoja na vifaa vingine vya mradi. Lilikuwa jiwe bapa, limeoshwa vizuri. Kifua alilitambua mara moja, maana upande mmoja bado lilikuwa na duara la chupa ya chai ya mkewe. Alililaza juu ya jalada taratibu, akahakikisha halibani kona, akarudi kazini.

Robo iliyofuata ilianza na jalada la shomoro. Shomoro ni ndege ambaye hakuna anayemhesabu. Yuko kwenye kila paa, anakula chochote, anagombana na kivuli chake. Tangu Kifua aajiriwe, jalada lake lilimpumzisha mara nne kila safari, na mara moja lilimvunja kidole cha mguu. Alikunja gunia, akapinda magoti, akashusha pumzi kama alivyozoea, akainua. Likaja juu haraka kuliko mgongo ulivyotarajia.

"Mzee!" mlinzi mpya alisema kutoka kwenye rafu ya chura. "Kumbe una nguvu hivyo!"

Kifua alilishusha chini palepale. Alimtazama Mama Majalada. Mama Majalada alichukua mkoba wake msumarini, akavuka barabara kwenda kwa muuza nafaka, na muuza nafaka alipomwona anakuja alianza kuondoa magunia kwenye mizani.

Walipima. Mama Majalada akaandika dokezo, namba ya jana na namba ya leo, na gharama ya kuzuia mapema, ambayo ilikuwa ndogo. Jibu lilishuka siku ya tatu: Shomoro ni wengi. Tuendelee kufuatilia. Jalada lilihitajika juu likagongwe muhuri.

Kifua alilibeba. Lilimhitaji apumzike mara tatu, naye akapumzika mara tatu. Mara ya nne hakuwa amechoka, lakini alikaa, akalipakata jalada la shomoro na kulieleza habari za chura tangu mwanzo, yale ya shati la mikono mifupi, yale ya meza, yale ya kiatu walichokirudisha mferejini. Lilikuwa jalada lisilotulia, lenye kuhangaika na kupekuapekua kurasa zake lenyewe. Alipofika kwenye jiwe, likatulia.

Mkurugenzi alikuwa amesimama mlangoni na muhuri mkononi.

"Umechelewa leo," alisema. "Kulikoni?"

"Mzigo, mkuu," alisema Kifua, akaliweka mezani kwa mikono miwili, polepole, kama kitu kisichobebeka. "Ni mzito. Ni mzito mno leo."

Mkurugenzi alimtazama kwa muda. Kisha akagonga HAKUNA MABADILIKO, akatia saini, na akaupuliza wino mpaka ukakauka.